Abate Samson kwenye mti wa ukoo: asiye na mtoto ameingiaje?

Mmonaki haoi. Msomaji wa Songea au Masasi hahitaji kuelezwa hilo, maana Peramiho, Hanga na Ndanda kuna abasia zinazoishi kwa Kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto iliyofuatwa Uingereza zama za kati. Sasa chukua mtu mwenye asili ya Uingereza, kwa baba au kwa bibi. Anafungua mti wa ukoo uliojengwa na ndugu zake kwenye intaneti, anapanda kizazi baada ya kizazi, na huko juu kabisa anakutana na abate. Mwaka wa kuzaliwa upo, wa kufa upo, na mstari unashuka kutoka kwake moja kwa moja hadi kwa babu. Ameingiaje humo?

Majibu yapo zaidi ya moja, na si yote ni ya uongo. Nitalifungua jambo hili kwa kumtazama mtu mmoja: Samson, abate wa Bury St Edmunds katika Suffolk, mashariki mwa Uingereza, aliyeongoza abasia hiyo tangu 1182 mpaka alipofariki tarehe 30 Desemba 1211. Nampenda kwa kazi hii kwa sababu ni nadra sana kumpata mtu wa karne ya 12, asiye mfalme wala mtakatifu, ambaye tunajua kwamba mafua kidogo tu yalimkausha sauti, na kwamba maziwa matamu na asali vilimpendeza kuliko vyakula vingine.

Hayo tunayajua kwa sababu ya Jocelin wa Brakelond, mmonaki mwenzake aliyekuwa kasisi wake wa karibu kwa miaka 6, akiwa naye mchana na usiku. Jocelin aliandika kwa Kilatini mambo ya abasia hiyo kuanzia 1173 mpaka 1202, na mswada wenye maandishi yake bado uko London, katika Maktaba ya Uingereza. Anamchora Samson mbele ya macho yetu: kimo cha wastani, kipara karibu kamili, pua iliyochomoza, midomo minene, macho makali yenye kupenya, ndevu nyekundu zenye mvi chache. Siku aliyochaguliwa alikuwa na miaka 47. Ndani ya miaka 14, anasema Jocelin, nywele zake zilikuwa nyeupe pe kama theluji.

Kwa mtu anayetafuta nasaba, thamani ya Jocelin ni kubwa kuliko sura hiyo. Anatupa vipande vya asili ya Samson, kimoja hapa kingine pale. Samson alizaliwa Tottington, kijiji cha Norfolk karibu na Thetford, mwaka 1135. Alipokuwa na miaka 9 aliota ndoto kwamba shetani anataka kumkamata mbele ya lango asilolijua, na Mtakatifu Edmund akamwokoa. Mama yake alimchukua wakaenda kusali kwenye kaburi la mtakatifu huyo. Walipofika Bury, mtoto alilitazama lango la makaburi ya abasia akamwambia mama yake kwamba ndilo lile aliloliona usingizini. Huyo mama ndiye ndugu wa Samson tunayemwona karibu kuliko wote katika maandishi ya Jocelin, na tunamwona kwa safari moja tu ya kwenda kusali.

Baadaye mwalimu William wa Diss alimpokea shuleni bure, kwa huruma. Akafika Paris kusoma, na huko tegemeo lake lilikuwa kasisi mmoja aliyemlipia masomo kwa kile alichokipata kwa kazi ya maji ya baraka. Alirudi nyumbani msomi. Kilatini na Kifaransa alivizungumza kwa ufasaha, lakini akiwahubiria watu wa kawaida alitumia Kiingereza, na tena Kiingereza cha lafudhi ya Norfolk, kwa kuwa ndiko alikozaliwa na kulelewa. Vilevile tunajua alikuwa na urithi wa mali kwa upande wa wazazi, maana Jocelin anamtaja mtu wa hali ya chini aliyekuwa akiusimamia kwa uaminifu. Tukiunganisha vipande hivi tunapata picha ya familia ya Norfolk yenye kitu kidogo, isiyoweza kumsomesha mtoto kwa nguvu zake yenyewe.

Sasa tufike kwenye jamaa. Samson alipochaguliwa mbele ya Mfalme Henry II, na habari kuenea, jamaa wapya walimiminika njiani kumlaki. Wote wanataka kazi katika nyumba ya abate mpya. Aliwajibu kwamba watumishi wa mkuu wa wamonaki wanamtosha, wala hawezi kuongeza wengine kabla hajashauriana na jumuiya yake. Alimbakiza mmoja, mpiganaji wa farasi mwenye ulimi mzuri na ujuzi wa sheria, na Jocelin anaeleza wazi kwamba hakumbakiza kwa sababu ya damu, bali zaidi kwa sababu ya manufaa yake.

Kuna maneno mengine ambayo Jocelin aliyasikia kwa masikio yake kutoka kwa Samson, na kwangu mimi ndiyo kiini cha habari yote. Samson alisema anao jamaa wenye cheo na nasaba, lakini hatawakubali kamwe kuwa jamaa zake, kwa sababu wakijua udugu huo watakuwa mzigo kwake kuliko heshima. Aliowakubali ni wale waliomtambua kama ndugu alipokuwa mmonaki maskini. Kati ya hao, waliofaa aliwapa kazi nyumbani kwake au ya kusimamia mashamba ya abasia; wasiofaa aliwaondoa moja kwa moja. Na yule mtu wa hali ya chini aliyemtunzia urithi wake ujanani alimhesabu kuwa ndugu wa karibu kuliko wote. Kanisa la kwanza lililobaki wazi alimpa mtoto wa mtu huyo, aliyekuwa msomi wa Kanisa, na watoto wake wengine pia akawainua.

Alilipa madeni ya namna hiyo kila mahali. Kasisi wa Paris aliitwa akapewa kanisa la kumpatia riziki. Mtoto wa William wa Diss alipoomba parokia ya Chevington, Samson alimkumbusha kwamba baba yake alimfungulia mlango wa shule bila malipo, akampa. Tukio linalonigusa zaidi ni la mtoto wa Elias. Huyo Elias alikuwa mnyweshaji wa Abate Hugh, mtangulizi wa Samson, na enzi za Hugh, Samson aliwahi kutiwa pingu na kupelekwa uhamishoni Acre, yaani Castle Acre ya Norfolk. Hugh alikuwa amempa Elias ardhi kwa namna iliyoiumiza mali ya abasia. Elias alipofariki, mtoto wake alikuja kuapa utii kwa ardhi hiyo, na Samson alimzungusha miaka 7. Mwishowe, mbele ya baraza zima, alikubali, akaeleza kwa nini: siku alipokuwa na pingu miguuni, Elias alimletea divai ileile aliyokuwa akinywa bwana wake, akamwambia ajipe moyo kwa Mungu.

Nimekaa hapo kwa makusudi. Mtu anayeukuta mti wa ukoo wenye jina la Samson anadhani udugu wa zama zile ni jambo lililoandikwa mahali fulani, linasubiri kuchimbuliwa. Hapa tunamwona mhusika mwenyewe, akiwa hai, akichagua nani ni ndugu na nani si ndugu. Wale wenye cheo, ambao koo zao ndizo zingeacha hati na mihuri, amewakataa. Wale aliowakubali wamo katika kitabu kama watu wa kazi, bila nasaba ya kuwafuatilia. Mstari unaopatikana leo ukiwaunganisha watu wa sasa na Samson kupitia ndugu zake lazima uoneshe hati ya mtu mmoja kwa jina, na hapo ndipo mistari mingi inapokatika.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba abate hawezi kabisa kuwa na watoto. Mifano ipo. Mwaka 1091 Herbert de Losinga alijinunulia uaskofu wa Thetford kwa Mfalme William Rufus, na baba yake Robert akanunuliwa uabate wa New Minster, Winchester. Abate, na mtoto wake askofu! Mtu angeweza kuoa, kuzaa, kufiwa na mke, kisha kuingia monasterini akiwa mtu mzima. Mwingine alizaa kabla ya nadhiri bila kuoa. Mwingine alivunja nadhiri, na watoto wa namna hiyo mara nyingi walifichwa wakaitwa wapwa.

Zaidi ya hapo, makasisi wa parokia walikuwa habari tofauti na wamonaki. Mtaguso wa Pili wa Laterani wa 1139 ndio uliotamka kwamba ndoa ya kasisi si ndoa kabisa, na desturi ilichelewa sana kuifuata sheria. Abate Aelred wa Rievaulx, aliyeongoza abasia hiyo ya Yorkshire kuanzia 1147 hadi 1167, ana nasaba iliyo wazi kuliko abate mwingine yeyote ninayemjua wa karne hiyo, kwa sababu alizaliwa katika ukoo wa makasisi: baba yake Eilaf alikuwa kasisi wa Hexham, babu yake alikuwa kasisi, na baba wa babu yake, Alfred mwana wa Westou, alikuwa mtunzaji wa masalia ya Mtakatifu Cuthbert huko Durham. Vizazi vitatu vya makasisi wenye wake, halafu wa nne akawa mmonaki, na mstari wa kwake ukaishia hapo.

Hata katika habari za Samson mwenyewe utamkuta mtu wa Kanisa mwenye mwana. Herbert, aliyekuwa dekano, alijenga kinu cha upepo kwenye ardhi yake mwaka 1191. Kusaga nafaka ilikuwa haki yenye faida, na abate hakutaka mshindani. Samson aliposikia alighadhibika hata akawa hawezi kula wala kusema, akaamuru mafundi wakakibomoe. Herbert alikuja kujitetea, akisema upepo ni wa wote na kwamba atasaga nafaka yake tu. Samson alimjibu: "Nakushukuru kama ambavyo ningekushukuru kama ungenikata miguu yote miwili," akaapa kwamba hatakula mkate mpaka kinu kile kianguke. Herbert alirudi nyumbani, na kwa ushauri wa mwanawe, Bwana Stephen, akakibomoa mwenyewe haraka. Watumishi wa abate walipofika hawakukuta cha kubomoa. Mtu mwenye asili ya Suffolk ana nafasi nzuri zaidi ya kuwa mzao wa Herbert huyu kuliko wa Samson.

Njia nyingine ambayo abate huingilia kwenye mti ni jina. Samson wa Tottington si mtu wa "ukoo wa Tottington". Wakati ule majina ya ukoo yalikuwa hayajakaa imara Uingereza. Mtu aliitwa kwa kijiji chake, kwa kazi yake, kwa jina la baba yake, au kwa sura yake, na ndugu wawili wangeweza kuitwa tofauti. Aliyeitwa wa Tottington mwaka 1180 na aliyeitwa hivyo mwaka 1380 huenda walitoka kijiji kimoja tu, bila udugu. Kadhalika wenye jina la ukoo Sampson: jina Samson lilikuwa la kubatizwa, likapendwa hasa na Wabretoni waliovuka bahari baada ya uvamizi wa Wanormani wa 1066, na kila Samson aliyezaa angeweza kuwaachia wajukuu jina hilo.

Na kuna mtego wa ramani ambao kwa kweli unasikitisha kwa jinsi ulivyo rahisi kuuingia. Kaskazini magharibi mwa Uingereza, karibu na Manchester, upo mji unaoitwa Bury, na kando yake kabisa kuna mahali panapoitwa Tottington. Mtu akitafuta "Tottington, Bury" kwenye intaneti ataletewa hizo, na zote mbili hazihusiani na abate wetu. Tottington yake ni ile ya Norfolk, ambayo leo haina hata wakazi: mwaka 1942 jeshi liliwahamisha watu wa kijiji hicho na vijiji jirani ili kupata uwanja wa mazoezi ya vita, na hawakurudishwa. Mti wa ukoo unaompeleka Samson kaskazini umeunganishwa na mtu aliyetazama majina akaacha kutazama ramani.

Njia ya tatu ni ya zamani zaidi kuliko kompyuta. Kati ya 1530 na 1688 maofisa wa nembo wa mfalme walizunguka wilaya za Uingereza wakikagua ni familia zipi zina haki ya kutumia nembo, na kila familia ilileta nasaba yake. Wengine walileta kweli, wengine walileta kile kilichopendeza. Abate alikuwa mapambo mazuri: mtu mkubwa, ametajwa katika vitabu, hana watoto wa kuja kubisha, na abasia yake imeshafungwa. Bury St Edmunds ilisalimishwa kwa Mfalme Henry VIII mwezi Novemba 1539, wamonaki wakatawanyika, na maktaba yake ikagawanyika huku na huku. Nasaba zilizochorwa wakati huo zilichapishwa karne zilizofuata, kisha zikanakiliwa kwenye tovuti za nasaba, na kila anayenakili anaonekana kama shahidi mpya. Kwa macho yangu hao wote ni shahidi mmoja.

Hapo mtu atauliza: lakini si lazima niwe na udugu fulani na mtu aliyeishi miaka zaidi ya 800 iliyopita? Hesabu inasema karibu ndiyo. Wazazi ni 2, babu na bibi 4, wazazi wao 8, na idadi inaongezeka maradufu kila kizazi. Tangu Samson achaguliwe mwaka 1182 imepita miaka 840 na ushei. Tukikadiria miaka 30 kwa kizazi, hivyo ni vizazi 28. Ukizidisha mbili kwa mbili mara 28 unapata nafasi zaidi ya milioni 268 za wahenga, wakati Uingereza nzima ya siku zile ilikuwa na watu milioni chache tu. Maana yake ni kwamba mtu yuleyule anajaza nafasi nyingi katika mti wako, kwa mamia na maelfu ya njia. Waingereza wa kawaida wa leo, wakiwa na mizizi mirefu nchini humo, kwa sehemu kubwa wanashuka kutoka kwa watu walewale wa karne ya 12 walioacha kizazi kilichoendelea.

Kwa hiyo ukisema wahenga wako waliishi Uingereza moja na Samson, umesema kweli. Ukisema kuna udugu wa mbali sana kati yenu, huenda umesema kweli pia. Ukichora mstari wa majina 28 kutoka kwake kuja kwako, umesema jambo la aina nyingine kabisa, ambalo linahitaji ushahidi 27, mmoja kwa kila kiungo. Kipimo cha DNA hakikusaidii hapa. Kila kizazi kinapoteza vipande, na ukirudi nyuma umbali huo, wahenga wengi hawajakuachia hata kipande kimoja cha kuonekana katika damu yako, ingawa wasingekuwepo nawe usingekuwepo.

Ushahidi wa karatasi nao una kingo zake. Madaftari ya parokia ya ubatizo, ndoa na mazishi yalianza kwa amri ya 1538, mwaka mmoja tu kabla abasia ya Bury haijafungwa. Nyuma ya hapo mkulima wa kawaida anaonekana katika kumbukumbu za mabaraza ya mashamba, zilizoanza kuwa nyingi katika karne ya 13, pale alipolipa faini, aliporithi ekari zake au binti yake alipoolewa. Mwenye ardhi kubwa anaonekana katika uchunguzi wa mali uliofanywa na serikali ya mfalme baada ya mtu kufa. Ukirudi mpaka siku za Samson, karibu kila aliyeandikwa ameandikwa kwa sababu ya ardhi, kodi au kesi.

Ndiyo maana, kama kuna mtu kwenye mti wako aliyegusana na Samson kwa ushahidi, yaelekea alikuwa mpangaji wake, mdaiwa wake au mpinzani wake mahakamani. Samson alipochukua abasia aliikuta imezama katika madeni ya Hugh. Aliagiza kila wilaya iorodheshwe: nani anadaiwa nini, kwa ardhi ipi. Kitabu hicho, kiitwacho Kalenda ya Abate Samson, Jocelin anasema alikitazama karibu kila siku kama mtu anayejiangalia usoni kwenye kioo. Pamoja nacho iko orodha ya wapiganaji wa farasi walioshika ardhi ya abasia, ambao Samson aligombana nao muda mrefu. Mfalme alidai abasia huduma ya wapiganaji 40, lakini ardhi ilikuwa imegawiwa kwa zaidi ya 50, na wao wakataka walipe kwa pamoja hesabu ya 40 tu, ili ziada ibaki mifukoni mwao. Samson aliwadai wote, mmoja baada ya mwingine, akashinda. Kwa mtafuta nasaba, ugomvi huo ni hazina: majina, vijiji na viwango vimeorodheshwa, na koo kama za Hastings na Bigod zinafuatilika kutoka hapo kwenda mbele na nyuma.

Jinsi nasaba inavyopita katika mikono ya abate bila yeye kuzaa, tazama kisa cha Cockfield. Adam wa Cockfield, mmoja wa washika ardhi hao, alifariki akaacha mrithi wa pekee, binti wa miezi mitatu. Sheria ilimpa bwana wa ardhi haki ya kumlea mrithi mdogo, kula mapato ya ardhi mpaka akue, na kuamua ataolewa na nani. Haki hiyo iliuzwa kama mali nyingine. Mfalme Richard aliitaka kwa ajili ya mtumishi wake mmoja. Samson alikataa, mfalme akakasirika, kisha farasi na mbwa alioletewa na abate vikamtuliza hata akamrudishia pete aliyokuwa amepewa na Papa Innocent. Lakini babu ya mtoto alishamchukua na hakutaka kumwachia. Samson, kwa kuwa hakuweza kumpata mtoto, aliiuza haki hiyo kwa Askofu Mkuu Hubert Walter kwa pauni 100. Askofu mkuu akampa Thomas de Burgh, ndugu wa ofisa wa chumba cha mfalme, kwa marki 500. Marki moja ilikuwa theluthi mbili za pauni, hivyo bei ilipanda kupita pauni 333. Mtoto huyo hajaanza kutembea, na tayari mume wa baadaye, mashamba yake na jina ambalo watoto wake wangelirithi vilikuwa vinajadiliwa na watu wazima wa mbali. Nasaba nyingi za Uingereza zinapita katika biashara kama hii, na ukiikuta kwenye hati huna budi kuisoma hivyo ilivyo.

Na anayetaka kumweka Samson ukutani kwake amchukue mzima. Jumapili ya Matawi ya 1190, wakati wimbi la mauaji ya Wayahudi lilipoenea Uingereza, Wayahudi 57 waliuawa Bury. Baada ya hapo Samson aliomba kibali cha mfalme kuwafukuza Wayahudi waliobaki mjini, akakipata, wakatolewa chini ya ulinzi wa watu wenye silaha. Jocelin analiandika hilo katika orodha ya mambo mema ya abate wake. Mimi siwezi kulisoma hivyo. Ni mtu yuleyule aliyemkumbuka Elias kwa kikombe cha divai, aliyenunua nyumba ya mawe mjini ili wanafunzi maskini wasilipe kodi ya shule, aliyejenga hospitali ya Babwell. Maisha yake yana hayo yote, na wasifu mfupi unaowekwa chini ya jina lake kwenye mti wa ukoo usipunguze hata moja.

Alipofariki, Uingereza ilikuwa chini ya marufuku ya Papa kwa sababu ya ugomvi wake na Mfalme John, na maziko ya Kanisa yalikuwa hayaruhusiwi. Samson alizikwa nje, kwenye ardhi isiyobarikiwa, akahamishiwa ndani ya ukumbi wa mikutano wa wamonaki mwaka 1214. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji wa mambo ya kale waliyakuta makaburi ya maabate katika ukumbi huo, na leo mahali pake panaonekana katikati ya magofu yaliyo kwenye bustani ya mji.

Ukimkuta kwenye mti wako, basi, usimfute kwa haraka. Kwanza bonyeza kiungo kinachomfunga na anayedaiwa kuwa mtoto wake au mpwa wake, utazame kimeegemea nini. Kikiegemea mti wa mtu mwingine, kikate. Kikiegemea nasaba iliyochapishwa karne ya 17 au ya 19, tafuta hati ya karne ya 12 au 13 iliyotajwa humo. Isipokuwepo, kikate pia. Kisha rudi chini kwa mhenga wa mwisho unayemthibitisha, tuseme mkulima wa Suffolk wa mwaka 1600, na uulize kijiji chake kilikuwa cha nani kabla ya 1539. Sehemu kubwa ya magharibi mwa Suffolk ilikuwa chini ya mamlaka ya Mtakatifu Edmund, wilaya nane na nusu kwa hesabu yao. Kijiji chako kikiwa humo, fungua Kalenda na madaftari mengine ya abasia kwa jina la kijiji, si kwa jina la ukoo. Na jina la Samson liandike pembeni, kwenye maelezo ya mahali, kama bwana wa ardhi ile kati ya 1182 na 1211.